Mtani wa Ng'ambo ya Pili

"Wana wa nyumba hii, nibishe hodi?"
"Bisha!"
"Nikiongopa?"
"Koleza!"
"Nikisema kweli?"
"Tutajifanya hatukusikia!"

Haya basi. Kusini huko, bondeni Namkwea, palikuwa na kijito chembamba, hata mbuzi mzee angekiruka bila kukunja uso. Lakini nani alikiruka? Hakuna. Ng'ambo hii waliishi wenye manyoya meupe, ng'ambo ile wenye manyoya meusi, na katikati alijilaza Fisi, taya kama mlango wa ghala. Sheria ilikuwa yake: "Mweupe huku, mweusi kule. Atakayevuka, namla!"

Mtoto akipotea kwa weupe, Fisi huwanong'oneza, "Weusi hao! Hamwaoni macho yao?" Mtoto akipotea kwa weusi, Fisi huwanong'oneza, "Weupe hao! Hamwaoni macho yao?" Nao wakaamini, wajinga wale. Wakachukiana hasa, mpaka wakawafundisha watoto kutema mate wakitazama ng'ambo. Tumbo la Fisi likanenepa, wao wakadhani ni cheo.

Sasa Nguchiro, mdogo, mweusi tii, alikuwa na rafiki yake wa siri: Yangeyange, ndege mweupe pe. Tangu utotoni walikutana kwenye matete, na walikuwa watani.

"Shingo yako mwiko wa ubwabwa!"
"Mkia wako ufagio wa jikoni!"

Wanacheka mpaka wanashikana. Nguchiro hakujua sauti tamu kuliko kicheko cha Yangeyange: kwa-kwa-kwa!

Siku moja Fisi akawafuma. Nguchiro akachomoka, chupu, shimoni! Yangeyange akakanyagwa bawa. Fisi akawaita watu wa pande zote mbili waje ukingoni, kila mmoja kwao, waone mvunja sheria anavyoliwa.

Mle shimoni Nguchiro alikuwa salama. Angenyamaza, nani angemlaumu? Lakini alipochungulia alimwona Yangeyange anageuza shingo huku na huku, akimtafuta. Nguchiro alimpenda mno. Akajipaka majivu usoni, akatoka akipiga yowe.

"Uwiii! Mtani wangu! Msiba umenifika!"

"We nani?" akauliza Fisi.

"Shikamoo, mzee. Mimi mtani wa marehemu."

"Mbona hajafa?"

"Atakufa, mzee. Kwa meno yako hayo, nani anapona? Ila mtani lazima awaigize kwanza waliotangulia. Mila ikivunjwa, mfupa hukwama kooni."

Fisi akameza mate, gluk! Maana huko kusini mtani ndiye mwenye msiba. Huigiza marehemu alivyotembea na alivyolia, watu wacheke katikati ya machozi, wala hakuna wa kumkataza. Hata Fisi aliliogopa hilo.

"Igiza upesi!"

Nguchiro akaanza. "Huyu ni mwanambuzi mweupe aliyepotea!" Akanguruma kama beberu zee: "Booo! Booo!"

Fisi akacheka. "Hii-hii-hii! Siyo hivyo!"

"Huyu ni kifaranga mweusi aliyepotea!" Akawika: "Kokoriko!"

Fisi akacheka hadi machozi. "Hii-hii-hii! Siyo hivyo, mtani gani we!"

"Nifundishe basi, mzee. Mimi mjinga. Walilia vipi?"

Eti mpenda sifa aambiwe afundishe, akatae? "Mwanambuzi alilia hivi: 'Meee, mama!' Kisauti chembamba, akafumba macho. Kifaranga hata hakumaliza: 'Pii!' Basi!"

Jamani, pande zote mbili masikio yakasimama! Hadi leo nikisimulia, nywele zinanisimama.

Ng'ambo hii Mama Mbuzi, mweupe, akasema polepole, "Ndivyo alivyolia mwanangu." Ng'ambo ile Mama Kuku, mweusi, akasema, "Fisi, wangu ulimsikia wapi?"

Mbuzi akaangua kilio. Kuku akaangua kilio. Nguchiro akasimama katikati na majivu yake, akasikiliza. Kilio kilikuwa kimoja! Angefumba macho, asingejua kipi kinatoka upande gani. Ujanja wote ukamtoka kichwani.

Mbuzi akaingia majini. Hakuruka, aliingia, akitembea. Kuku, ambaye huogopa hata umande, naye akaingia. Nyuma yao wakafuata wote, kwato, kucha na mabawa, chubwi! chubwi! chubwi!, mpaka maji yakafunikwa na miguu, na hapakuonekana tena ng'ambo hii wala ng'ambo ile. Walipofika katikati walitazamana usoni kwa mara ya kwanza, na wengine waliona haya.

Fisi akatazama huku, akatazama kule. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Akaliachia bawa akatimka, na pembe za Mama Mbuzi zikamwahi kiunoni, pwaa! Ndiyo maana mpaka leo anatembea ameinama nyuma.

Yangeyange akajikung'uta. "Mtani, na hayo majivu! Umefanana na matako ya sufuria." Nguchiro akamkumbatia shingo. Akalia tu.

Nami mzigo nimeutua hapo. Aliyeshiba ajifute mdomo, mwenye njaa akapike yake. Na funzo mlishike, watoto wazuri: kila mtu akae na wa rangi yake. Msivukevuke vijito ovyo! Mkichanganyika, masikini, nani atamlisha Fisi?