Punje Mbichi Kitandani mwa Pimbi

Hapo zamani za kale, kale ya mbali ambayo hata bingwa wa hadithi kama mimi huifikia baada ya kupumzika njiani mara mbili, Pimbi alikuwa na nyumba ya mawe, kitanda kimoja cha kamba na bustani ya giligilani. Majani yake wengine huyaita kotmiri, wengine dania. Punje zake zikikauka hunukia pilau kabla hata mchele haujaoshwa.

Basi akaja shemeji yake Kiboko, na Fisi nyuma yake. Walisema wanapita tu kusalimia. Mwezi ukaandama, ukaisha, ukaandama mwingine, na salamu hazijaisha.

Katika nchi ile mgeni hafukuzwi, wala hanyimwi anachoomba. Mgeni hulala kitandani, mwenyeji sakafuni. Ukivunja desturi hiyo, jirani hakupi hata kaa la moto.

Pimbi alichoka mpaka masikio. Asubuhi anatwanga punje za pilau, twa, twa, twa. Mchana anakatakata majani ya kachumbari. Jioni anachemsha chai ya punje, maana Kiboko akishashiba tumbo lake hunguruma kama gogo linaloviringishwa mlimani.

"Shemeji," Kiboko aliita kutoka kitandani, "leo majani umeyatia mapema, yamepoteza harufu. Yatie ukishaipua sufuria."

"Nimesikia, shemeji."

"Ila ile chai yako ni dawa. Jana upepo wote wa tumboni ulitoka."

"Tuliusikia, shemeji. Hata majirani waliniuliza."

Fisi akacheka, kwe kwe kwe. Kisha akainua pua. "Kile kibuyu kinachoning'inia juu yetu kina nini?"

Pimbi akakitazama. "Mbegu. Mvua ikinyesha nipande. Sina nyingine."

"Mbegu si punje hizo hizo? Kesho tupikie pilau yake."

"Kesho," Pimbi akajibu. Angesema nini tena?

Akajikokota mpaka bustanini, akajibwaga kati ya mimea michache iliyosalia. Punje zake zilikuwa bado kijani. Akaegemea, zikapondeka mgongoni, na harufu ikampanda puani: kunguni. Kunguni watupu, kama umewaminya kumi kwa kidole.

Kila anayelima giligilani anaijua harufu hiyo. Lakini wageni wale hawakuwahi kukanyaga bustani hata siku moja. Giligilani waliyoijua wao ni ya sahanini.

Pimbi akacheka kidogo. Kucheka sana kulihitaji nguvu.

Wageni walipokwenda kuoga mtoni, akaponda punje mbichi, akazisugua kwenye kamba za kitanda mpaka mikono ikamuuma. Walirudi, wakajilaza.

"Fisi," Kiboko akasema, "unanusa ninachonusa?"

"Kunguni."

"Kunguni? Jamani, shemeji," Pimbi akasema, "msiniaibishe mbele ya watu."

Lakini mtu akishaambiwa kunguni, mwili huwasha wenyewe. Kiboko akajikuna, kwaru, kwaru. Fisi akajikuna mpaka pasipowasha. Kiboko akaruka, mguu wa kitanda ukasalimu amri, kaa! Wakawa chini wote wawili.

"Hakuna neno," Pimbi akawatuliza. "Tutalala wote hapa sakafuni. Nao watashuka kututafuta."

Fisi akasimama. "Nimekumbuka, nyumbani kuna mgonjwa."

"Nani?" Kiboko akauliza.

"Mimi, nikiendelea kukaa hapa."

Wakafungasha. Mlangoni Kiboko akageuka. "Basi shemeji, tupe kile kibuyu tukapikie huko kwetu."

Pimbi alikishusha kwa mikono miwili, akakinyoosha mbele yake. "Chukua tu, shemeji. Kimening'inia juu ya kitanda hicho mwezi na zaidi. Wameingia wangapi, mimi sijawahesabu."

Mkono wa Kiboko, uliokwisha kufika nusu ya njia, ukarudi nyuma ya mgongo. "Weka, shemeji. Utapanda."

Wakaondoka wakijikuna mpaka bondeni.

Pimbi akapanda kwenye kitanda chake cha miguu mitatu, kinachonuka, akakumbatia kibuyu. Alitaka kufurahi kwanza, usingizi ukamwahi. Mvua ilipoanza kudondoka juu ya mawe, to, to, to, yeye alikuwa anakoroma.

Ndiyo hivyo, wanangu: ukila vya mwenzio, nenda japo siku moja ukavione vinavyoota.