Vipima Visivyojua Kulala

Ajuaye zamu yake hulala. Vijana, mmelisikia neno hili leo kwenye mkutano wa maji, mkacheka, mkadhani ni kisingizio cha wavivu. Sivyo. Lilizaliwa hapa hapa Upareni, kwenye mashamba ya tangawizi, siku Mbazi alipomwamsha shemeji yake mchana na ugomvi ukaanza.

Mbazi alikuwa amesimama barazani akiuliza ni mtu gani anayeweza kukoroma siku kama ile. Nakijwa, aliyejilaza mkekani na khanga usoni, hata khanga hakuiondoa. Alijibu kwamba zamu yake ya maji ni saa kumi, lango la kati la ndiva, bwawa la kijiji la kumwagilia, na anayemwamsha mwenzake saa nane awe amekuja na habari ya msiba. Mbazi akasema msiba uko ndani ya boksi lile pembeni yake. Nakijwa akasema boksi amelifunga mwenyewe, halihitaji waombolezaji.

Ndani ya boksi kulikuwa na vipima kumi vya unyevu wa udongo. Vilikuwa vya mradi fulani, na Mbazi, fundi wa redio aliyemwoa mdogo wake Nakijwa, ndiye aliyewashawishi wakulima wavipokee. Kila kipima kilifukiwa shambani, kikatuma habari bila waya kwa mwenzake, mwenzake kwa mwingine, mpaka kwenye simu ya Nakijwa, msimamizi wa zamu za maji. Kabla ya hapo, miaka kumi na moja, Nakijwa alipanda mlima kila asubuhi kuchomeka kidole kwenye udongo wa kila shamba ili ajue nani apewe maji kwanza. Goti lake la kushoto lilikuwa limeshakataa.

Vipima vilimpumzisha siku tisa tu. Siku ya kumi betri zote zilikuwa zimekufa. Zikawekwa mpya, nazo zikafa siku ya tisa. Mradi ulisema betri zingekaa miaka miwili. Sasa vimefukuliwa, Mbazi ametia za tatu, na gari la mradi liko njiani kuja kuvichukua, vipelekwe kijiji kingine.

Mbazi alisema ataomba betri kubwa zaidi. Hapo Nakijwa akakaa kitako.

"Mtu akimaliza chungu kizima peke yake, huongezi chungu. Unamuuliza anafanya kazi gani."

Akafunua boksi. Taa kumi nyekundu zilikuwa zinawaka humo gizani.

"Vinafanya nini?"

"Viko macho. Vinasikiliza."

"Vinasikiliza nini ndani ya boksi?"

Mbazi akaeleza. Angani kuna kelele nyingi, kwa hiyo ujumbe haukai chaneli moja. Unaruka kutoka hii kwenda ile. Saa za vipima nazo hupishana kidogo kidogo. Yeye aliogopa ujumbe usipotee, akaviamuru vyote visilale hata kidogo, vizunguke chaneli zote vikisubiri kuitwa.

Nakijwa alimtazama kama anavyomtazama mkulima aliyepanda tangawizi kwenye mwamba.

"Shemeji, ndiva yetu ina malango mangapi?"

"Matatu."

"Leo zamu yangu iko lango la kati, wiki ijayo lango la juu. Umewahi kuniona nakimbia malango yote matatu tangu alfajiri nikisubiri maji?"

"Nimekuona umelala."

"Kwa sababu najua saa na najua lango. Ajuaye zamu yake hulala. Asiyejua ndiye anayeshinda mferejini, na maji yakifika hana nguvu ya kuinua jembe."

"Na saa zikipishana?"

"Zetu hazipishani? Yangu iko nyuma, yako sijui uliinunua wapi. Ndiyo maana ndiva ikifunguliwa baragumu linapigwa, kila mtu anarekebisha saa yake. Na bado nafika langoni mapema kidogo."

Mbazi aliketi mkekani, akafungua kompyuta yake, akaanza kuandika, na Nakijwa akamsomea ratiba kama anavyowasomea wakulima. Kila kipima kikapewa muda wake wa kuamka na chaneli yake. Kimoja kikafanywa mpiga baragumu, cha kuwakumbusha wenzake saa. Na kila kimoja kiliambiwa kiamke kitambo kidogo kabla ya kuitwa.

Taa zikaanza kuzimika, moja baada ya nyingine, mpaka boksi likawa giza.

"Umeviua," alisema Nakijwa.

"Tulia, shemeji. Vimelala."

Mara taa mbili zikawaka pamoja, zikazimika. Kisha nyingine mbili. Simu ya Nakijwa ikalia; habari imefika.

Gari la mradi likapiga honi chini ya ngazi. Dereva alisema ameagizwa asirudi bila boksi. Nakijwa akavimimina vipima kwenye kikapu, akalijaza boksi tangawizi mbichi, akamkabidhi.

"Waambie vipima vina kazi. Hii wachemshie chai."

Baragumu likalia kutoka kwenye ndiva. Nakijwa akampa Mbazi kikapu na jembe, wakapanda kwenda kuvifukia vipima tena, wakianzia lango la kati. Betri zile za tatu zilikaa mpaka tangawizi ikavunwa mara mbili.

Kwa hiyo mkimkuta mtu wa kwetu amelala mchana, muulizeni kwanza zamu yake ni saa ngapi na lango lipi. Akiwajibu bila kuondoa khanga usoni, mwacheni. Ajuaye zamu yake hulala.