Mkimbiaji wa Kumi

Hapo zamani, si za mababu bali za mashine, palikuwa na mwanafunzi wa uzamili, Sekela. Alitafiti kama uji wa ulezi humpa mkimbiaji pumzi ndefu. Alitakiwa awe na wakimbiaji kumi, kwa asubuhi arobaini. Wakipungua, hana shahada, na miaka mitatu imekwenda na maji.

Kumi wakatia saini fomu ya kushiriki. Kabla ya kuanza, mmoja wao, Lugano, akafa kwa homa. Wakamzika.

Sekela akamwambia mpishi, Bi Tusajigwe, "Mama, vikombe tisa sasa."

"Mwanangu, uji haupikwi kwa kuhesabu watu. Cha mgeni lazima kiwepo." Asubuhi ya kwanza akamimina kumi. Wakanywa watu tisa, vikarudi vitupu vyote kumi.

Kihwele, fundi wa maabara, akauona mkanda wa mashine ya kukimbilia unatikisika bila mtu. Wengine wangetimua mbio; yeye akauwasha. Nyayo zikasikika: pa, pa, pa. Kwenye kioo cha mashine kilomita zikapanda. Mapigo ya moyo: sifuri.

Sekela akaogopa sana, lakini shahada aliitaka zaidi. Akaandika: Lugano, amehudhuria.

Asubuhi ya pili uji ukamiminwa, mkanda ukawashwa, jina likaandikwa. Ya tatu, uji, mkanda, jina. Hivyo hivyo mpaka ya arobaini.

Siku hiyo mkanda ukasimama wenyewe. Sauti ikatoka juu yake, haihemi hata kidogo. "Dada Sekela, nimemaliza. Fomu yako inasemaje?"

Sekela akasoma: "Mshiriki akimaliza, atasindikizwa mpaka kwake."

"Basi nisindikizeni. Mmoja atatosha. Kwangu mnakujua, mlikuja kunizika."

Kihwele akawahi, "Fomu ni ya Sekela. Ahadi ni deni!"

"Nilimwahidi mtu aliye hai!" Sekela akalia. "Usingewasha mkanda, ningeandika nini?"

"Niliwasha alipokuwa amekwisha kufika. Aliyemkaribisha ni mwenye uji."

Bi Tusajigwe akafunga kanga kiunoni. "Mimi nilimwekea mgeni, yeyote yule. Kumfukuza mgeni mlangoni sikufundishwa. Lakini nani alimwita kwa jina, siku arobaini, na akafaidika naye?"

Mlango ukafunguka, ukungu ukaingia. Nyayo zikatoka hatua tatu, zikasimama, zikisubiri.

Haya, ninyi mliokaa kimya, msitazame chini. Je, nani alipaswa kumsindikiza Lugano?