Digidigi Awalambisha Magadi Wakubwa wa Bwawa

Hapo zamani za kale, enyi watoto wenye masikio, Nyati na Tembo walilitwaa bwawa pekee la nyikani. Wakajenga nyumba zao pale pale, wakawa kutwa wanakaa barazani kufukuza wenzao.

Mke wa Digidigi alikuwa amejifungua. Kiangazi kilikuwa kikali na maziwa yalimkauka. Digidigi akaenda kuomba maji.

"Hoo hoo hoo!" Nyati akacheka. "Mwenzangu, kinyama kisichofika goti kinataka maji!"

"Kikalambe umande!" akasema Tembo.

Digidigi aliumia, lakini hakulia mbele ya wapuuzi. Akapaza sauti, wanyama wote wasikie: "Tulambe magadi ya mwamba ule sote. Atakayekunywa maji kwanza, ahame bwawani."

"Utakufa wewe!" Nyati akadakia.

"Nife mimi. Nitalamba kiasi changu, nanyi mlambe kwa ukubwa wenu. Au midomo hiyo ni ya kujisifia tu?"

Majitu yale, vichwa kama mapipa na ndani mmejaa upepo! Yakalamba lwap! lwap! mpaka mwamba wa magadi ukatoboka. Digidigi naye akalamba kiasi chake.

Haukupita muda, Nyati akakojoa, chwaaa! Tembo naye, chwaaaa! Ndimi zikawakauka kama ngozi ya ngoma. Digidigi akatoa matone matatu mazito: to, to, to.

Kesho yake, jua halijafika utosini, dududududu! Wakubwa wakakimbilia majini, wakazamisha vichwa hadi masikioni.

"Haya, wazee wangu, fungeni virago!" akasema Digidigi.

"Umetuloga!" Nyati akafoka, maji yakimchuruzika puani.

"Nani apoteze uchawi kwenu? Ndani ya figo mna vijifereji vyembamba. Vyangu hurudisha maji mwilini, chumvi iliyozidi ikatoka kwa matone machache. Vyenu haviwezi kutoa chumvi nyingi bila kumwaga maji mengi. Kadiri mlivyolamba, ndivyo mlivyojikausha wenyewe, mabwege!"

"Ziii! Ziii!" wanyama wakazomea.

Tembo akainamisha mkonga, Nyati akashindwa kumtazama mtu usoni. Wakaondoka bila hata kuaga.

Mke wa Digidigi akanywa, akapumzika, akanywa tena. Jioni ile mtoto alinyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni.

Ajivuniaye ukubwa wa mwili asioujua, mdogo aujuaye wake humfanya kichekesho.