Kichungu cha Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, juu kabisa mlimani, mahali ambapo mawingu hulala chini, maji yaliganda kila alfajiri. Huko aliishi Bi Pimbi na watoto wake, chini ya jiwe lililopitisha upepo. Watoto walikuwa wakikohoa. Pango lenye joto lilikuwa moja tu, na ndani yake alikoroma Nyati.

Huko mlimani walikuwa na desturi yao. Kipupwe kilipoanza, kila aliyetaka pango aliweka chungu cha maji nje jioni. Ambaye maji yake yaliamka bila kuganda, pango lilikuwa lake. Nyati alishinda kila mara, maana chungu chake kilikuwa kama hori, na maji mengi hayagandi upesi.

Kichungu cha Bi Pimbi kilienea kiganjani. Lakini Bi Pimbi alikuwa mtazamaji. Asubuhi moja, ukungu ukielea kama moshi wa jikoni, aliona madimbwi yote yamefunikwa barafu, isipokuwa lile la kwenye udongo wa chumvi, ambako Nyati alizoea kwenda kulamba. Maji yake yalichezacheza, na mbingu ikicheza ndani yake. Bi Pimbi akayaonja, akatema, akatabasamu.

Jioni ya mashindano alikoroga udongo ule majini, akaacha utuame, kisha akamimina maji maangavu kichunguni. Nyati alimcheka, akasema hicho si chungu, ni kijiko.

Alfajiri baridi iliuma kuliko siku zote. Nyati akagonga maji yake kwa pembe: ko, ko, ko. Barafu! Akakitikisa kichungu cha Bi Pimbi: chubwi, chubwi.

"Wewe mama, umeyafanya nini maji haya?"

"Onja mwenyewe, Mzee Nyati."

Nyati akaonja. Akaonja tena. Ulimi ukazunguka ukingoni, ukashuka mpaka chini, kichungu kikabaki kikavu, kinang'aa.

"Umetia chumvi!" akanguruma.

"Chumvi ipi, mzee wangu? Hebu nionyeshe."

Nyati akachungulia. Hakukuwa na kitu. Akajilamba midomo, akaona haya, akaenda kukunja mkeka wake.

Siku hiyo watoto wa Bi Pimbi walilala pangoni bila kukohoa, pumzi zao zikipanda na kushuka polepole, kama zenu sasa.

Basi kumbukeni, wanangu: mdogo anayetazama vizuri humshinda mkubwa anayetegemea ukubwa wake.