Cheti cha Bwana Shehoza

Hapo kale si kale sana, tajiri Shehoza alikuwa na malori saba na kifua kilichokoroma kuliko yote. Wakwe watarajiwa wakamwambia, "Binti yetu hatumwozi mvuta sigara. Lete cheti cha zahanati."

Akaingia kliniki ya kuacha sigara pale zahanati, akiwapita watu waliokaa kwenye benchi.

"Muuguzi, andika kwamba nimeacha. Mimi sikai foleni na wanuka moshi hawa."

"Mtu mzito kama wewe ukae benchi?" alisema Siwema, muuguzi, kwa unyenyekevu. "Naandika sasa hivi. Ila shujaa hakosi picha, bosi. Vunja sigara hiyo uliyoshika, tabasamu!"

Shehoza alitabasamu mpaka gego la mwisho.

Kesho yake kila duka lilimnyima sigara. "Tajiri, si umeacha? Picha yako hii hapa ukutani!" Akataka kukana, lakini picha ilikuwa imebandikwa hata mlangoni kwa wakwe.

Siku ya tatu alirudi zahanati akitetemeka. "Muuguzi, nisaidie niache kweli."

"Karibu, bosi," alisema Siwema, akimwonyesha benchi. "Wanuka moshi wale ndio waliobandika picha zako. Foleni inaanzia nyuma yao."