Bandari Aliyoiona kwa Macho

"Aliyemaliza melini, bandari huiona kwa macho."

Maneno hayo tuliyasikia kwa Bibi Subilaga, fundi cherehani, siku tuliyokwenda kwake kupimwa sare za safari. Tulikuwa wasichana sita wa kikundi kimoja cha kuweka akiba. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mwisho wa mwaka tutapanda meli ya matembezi, tuzunguke Ziwa Nyasa siku tano, na sisi tupigwe na upepo kama watu wengine. Kitenge kilikuwa kimeshanunuliwa. Enea alikuwa amesimama mikono juu, anazungushiwa futi kiunoni, Bibi akamuuliza, "Na huko mtakakoshuka, mmetenga nini?"

"Ah, Bibi," Enea akajibu, "hayo tutayajua mbele kwa mbele."

Bibi akaiachia futi ikaanguka chini, akasema ile methali. Tulimwomba atuambie imetoka wapi, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia. Akavuta kigoda akakaa. Alisema imetoka nyumbani kwao, na yeye alikuwapo. Hivi ndivyo alivyotusimulia.

*

Mama yangu aliitwa Bupe. Alikuwa na dada mmoja tu, Tusekile, mama yangu mkubwa. Mama yao alifariki Bupe akiwa bado ananyonya, na Tusekile alikuwa msichana wa miaka kumi. Huyo ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha uji kwa kidole, akamlea mpaka akaolewa. Kwa hiyo mama alikuwa akisema, "Mimi dada yangu ndiye mama yangu."

Aliolewa mbali, Lundumbi, ng'ambo ya mashariki ya ziwa. Enzi hizo barabara hakuna. Tusekile alibaki Kyela kwenye mpunga wake. Meli kuukuu iliyokuwa ikipita kwetu ikaharibika, ikawekwa pembeni, na miaka kumi na tisa ikapita dada na mdogo wake hawajaonana. Salamu zilifika kwa wachuuzi wa usipa, wale samaki wetu wadogo wa kukausha. Katika miaka hiyo mama alipatwa na jambo ambalo hakutaka dada yake alijue kwa salamu. Alituonya sote, "Asiambiwe. Atalia huko peke yake. Akija atajua mwenyewe."

Kisha ikaja meli mpya ya matembezi. Ilikuwa na vyumba, viti vya kujinyoosha, na ukumbi wa chakula wenye vitambaa vyeupe mezani. Ilizunguka ziwa zima, na Lundumbi ingetia nanga kwa saa mbili. Mama mkubwa aliposikia hivyo akauza mpunga wa misimu miwili. Akakata tiketi ya daraja la kwanza, akamnunulia mdogo wake kitenge, na akabakiwa na fedha ya gunia nne za mchele. Hiyo akaiweka sandukuni, chini kabisa. Ilikuwa ya Lundumbi: ya mtumbwi wa kumshusha, ya zawadi, na ya kumwachia Bupe mkononi.

Aliyemkatia tiketi alimwambia, "Chakula kimo humo humo, mama." Mama mkubwa akashukuru, akaondoka. Hakuuliza chakula gani, wala cha watu wangapi.

Siku ya kwanza, saa kumi alasiri, kijana wa meli aliyevaa nyeupe alimfuata alipokaa kibarazani, akamwekea sinia. Chai ya maziwa, keki, samaki wa kukaanga. Mama mkubwa akalitazama sinia, akatazama kulia, akatazama kushoto. Yuko peke yake. Sasa, nyie mnatujua Wanyakyusa. Kula peke yako ni aibu, na zamani ilikuwa zaidi ya aibu. Watu walianza kujiuliza unaficha nini. Akainuka, akashuka ngazi mpaka sitaha ya chini walikokaa watu wa daraja la tatu juu ya mikeka, akarudi na wanawake wanne.

Wakala. Kijana alipoona wageni wameongezeka, akaongeza na masinia. Mwishoni akaleta daftari dogo.

"Weka sahihi hapa, mama, na namba ya chumba."

Mama mkubwa akaandika jina lake lote kwa herufi nzuri. Alidhani ni kitabu cha wageni, kama kile tunachosaini msibani na kwa mtendaji wa kijiji. Usicheke, Enea. Mtu amekutandikia meza, amekwambia karibu, kisha amekuletea daftari. Wewe ungedhani nini?

Ikawa hivyo kila alasiri. Sinia, wageni, daftari. Siku ya pili wageni walifika saba. Aliagiza soda za watoto. Wazee wawili walikuwa wanaumwa migongo, akawaombea viti vya kujinyoosha, na vile viti navyo vilikuwa na daftari lake. Meli nzima wakamjua. Wakamwita Mama Sinia.

Kati ya wale wanne wa kwanza alikuwamo Mama Kefa, muuza vyungu. Huyo alikuwa na maji yake kwenye dumu, ugali wake wa jana na usipa wa kukaanga. Tiketi alikata miezi mitatu kabla, wakati wa mvua kubwa, abiria hawapo na nauli imeshuka. Siku ya pili aliuliza kwa sauti ndogo, "Dada Tusekile, hivi vyakula umeviuliza?"

"Niviulize nini?"

"Bei."

"Mama Kefa! Nimuulize mwenye nyumba bei ya chakula chake? Si nitaonekana sikulelewa?"

"Hii si nyumba, dada. Nyumba ina mwenyewe. Hii ina karani."

Wakacheka wote, na mama mkubwa akacheka kuliko wote. Mama Kefa hakucheka sana. Akavuta ncha ya kanga yake akamwonyesha mafundo matatu. "Hili la kushukia. Nimelifunga kwanza, nikiwa bado nyumbani, na sitalifungua nikiwa juu ya maji hata nikifa kiu. Hili la kurudia. Hili dogo ndilo la humu melini, nalo likiisha nakunywa maji yangu nalala. Na wewe funga lako."

"Yangu haijaguswa hata senti. Iko sandukuni nzima."

Alisema kweli, wajukuu zangu. Fedha ilikuwa sandukuni, nzima. Hajatoa hata senti moja. Hilo ndilo lililompumbaza.

Siku ya tatu Mama Kefa alishuka kwao, na wale wengine karibu wote wakashuka bandari hiyohiyo. Walimshika mkono mama mkubwa, wakamwambia, "Ndaga, ndaga fijo," asante sana, wakaenda zao.

Siku ya nne asubuhi milima ya Lundumbi ikaonekana. Mama mkubwa alioga, akajipaka mafuta, akavaa vizuri. Akabeba sanduku mwenyewe mpaka kwenye ngazi ya kushukia. Pale ngazini alikaa karani wa meli na meza yake.

"Chumba?"

"Cha tisa."

Karani akafungua bahasha, akatoa vikaratasi. Vingi. Akavipanga, akajumlisha, akajumlisha tena, kisha akamgeuzia karatasi.

Mama mkubwa aliniambia kwamba alidhani yule karani anamwonyesha namba ya tiketi. Ikabidi asomewe. Ilikuwa bei ya gunia sita za mchele.

"Ya nini?"

"Vyakula vya kibarazani, mama. Vinywaji, viti. Na wageni wako."

"Niliambiwa chakula kimo!"

"Kimo. Cha ukumbini, asubuhi na jioni, cha mtu mmoja." Akachukua vikaratasi akamtandazia. "Hii si sahihi yako?"

Ilikuwa yake. Tusekile, Tusekile, Tusekile, kwa herufi nzuri, mara kumi na tisa.

Akakaa juu ya sanduku lake. Kisha akainuka, akalifungua, akatoa fedha yote akaiweka mezani. Karani akahesabu. Zilipungua gunia mbili.

"Zilizobaki utalipa tukirudi Kyela," akasema karani. "Tutawaita ndugu zako waje bandarini. Lakini mpaka hapo siwezi kukuruhusu kushuka. Ndiyo sheria."

"Mwanangu, mdogo wangu yuko pale. Miaka kumi na tisa. Nitamgusa tu, nirudi."

"Mama, na wengine walisema watarudi. Nilikatwa mshahara." Hakuwa mtu mbaya. Alisema hayo akiangalia meza.

Sasa njooni upande wetu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Tangu alfajiri tulikuwa ufukweni. Tumepika wali na mbasa, yule samaki mkubwa ambaye mama mkubwa alimpenda. Tukaona mitumbwi inashusha watu. Mmoja, wa pili, wa tano. Mama ananiuliza, "Amekuja?" Namwambia bado. "Angalia vizuri, Subilaga. Ni mrefu, ana mwanya." Namwambia bado, mama. Mitumbwi ikaisha.

Mama akasema, "Nipeleke."

Nikampakia kwenye mtumbwi wetu na sufuria yake ya wali, nikapiga kasia mpaka chini ya ubavu wa meli. Nikatazama juu. Palikuwa na mwanamke mrefu, mwenye mwanya, ameshika chuma kwa mikono miwili.

"Bupe!"

Mama akasimama ndani ya mtumbwi, nikamshika kiuno asianguke. "Dada! Shuka!"

"Siwezi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Nani amekuzuia?"

Kisha sauti ikatoka juu, ndogo, "Chakula."

"Nini?"

"Nimekula, Bupe. Nimekula na watu. Fedha yako nimeila."

Mama hakuelewa, na mimi sikuelewa. Alinyoosha mikono yote miwili juu, akawa anapapasa hewani, huku na huku, upande ambao hapakuwa na mtu. Mama mkubwa akauliza, "Mbona unatazama kule? Mimi niko huku!"

Mama akasema, "Sikuoni, dada. Ni mwaka wa sita sioni. Ndiyo maana nakwambia shuka, nikushike uso."

Nimezeeka sasa, lakini ile sauti iliyotoka juu ya meli sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Nikapiga kelele, "Jamani, mama yangu apande yeye!" Karani akachungulia. "Kipofu, kwenye ngazi hii na mawimbi haya? Akianguka nitamjibu nani?" Nikamwambia nyumbani tuna mbuzi watatu, awachukue. Akasema, "Dada, meli haipokei mbuzi."

Honi ikalia.

Mama mkubwa akakikunja kile kitenge, akakiachia. Kilifunguka hewani, kikaanguka nusu mtumbwini, nusu majini. Nikampa mama. Alikinusa muda mrefu. "Kinanuka sanduku la nyumbani," akasema. Kisha akainua uso, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Basi, dada. Umemaliza melini, bandari umeiona kwa macho. Mimi hata hayo macho sina."

Hakusema kwa hasira. Lakini waliokuwa kwenye mitumbwi waliyabeba maneno yale, na kabla ya mvua kuanza yalikuwa yanasemwa pwani nzima.

Mama mkubwa alirudi Kyela, ndugu wakamlipia. Akaanza upya. Alilima mwaka mzima. Safari hii aliuliza kila kitu: nini kimo kwenye tiketi, nini hakimo, miezi gani nauli inashuka. Akakata daraja la tatu, akabeba dumu la maji na usipa wa kukaanga, na kanga yake ilikuwa na mafundo matatu. Sinia lilipopita, alitikisa kichwa. Alikaribisha watu, ndiyo, kwa muhogo wake mwenyewe.

Alishuka Lundumbi fundo la kwanza likiwa halijafunguliwa.

Nilimpokea mimi. Peke yangu. Nilikuwa nimejifunga kile kitenge.

Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akanitazama tena. Hakuniuliza. Alilifungua lile fundo kwa meno, akanitia fedha yote mkononi, akasema, "Nipeleke alipolala."

*

Bibi Subilaga aliinama, akaiokota futi yake, lakini hakumpima mtu. Cherehani ilikuwa imekaa na uzi wake sindanoni. Enea, ambaye ni msemaji wetu siku zote, alikuwa ameshusha mikono.

Baadaye akanisogelea, akashika ncha ya kanga niliyojifunga, akaniuliza taratibu kama najua kufunga fundo lisilofunguka kirahisi. Nikamwonyesha. Bibi alituona.

"La kushukia kwanza," akasema. "Hilo ndilo la kwanza, kabla ya kitenge. Aliyemaliza melini, bandari huiona kwa macho."